Mavazi ya usaili: yachague ukiwa umekaa kwenye kiti

Watu wengi huchagua nguo ya usaili wakiwa wamesimama mbele ya kioo, kifua mbele, tumbo ndani. Siku yenyewe haiendi hivyo. Utapanda daladala au mwendokasi ukiwa umeshika bomba, utakaa kwenye benchi ukisubiri jina liitwe, pengine kuanzia saa 2 asubuhi mpaka saa 7 mchana, kisha utaketi mbele ya jopo linalokuona kuanzia mezani kwenda juu. Nguo iliyopendeza kwenye kioo inaweza kuwa imeshaharibika kabla hujagonga mlango: shati limechomoka, kwapa zimelowa, sketi imepanda. Kwa hiyo kila unaposhika nguo dukani, jiulize itakuwaje ukiwa umeikalia kwa saa tano.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeitwa usaili hapa Tanzania, mwenye bajeti ya kawaida, anayenunua mtumba na kurekebisha kwa fundi cherehani. Anza siku 7 kabla. Fundi akikwambia "njoo kesho", wewe hesabu siku tatu.

Jua kwanza unaitwa kwenye usaili wa aina gani

Kwa ajira za serikali zinazopitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, usaili huwa na hatua: mchujo wa kuandika, vitendo kwa baadhi ya kada, halafu mahojiano ya ana kwa ana. Usizivalie zote sawasawa. Kwenye mchujo mnakuwa umati, mnapangwa foleni na kukaguliwa vitambulisho, kisha mnaandika. Shati safi, suruali ya kitambaa na viatu vya kufunika vinatosha. Koti litakutesa bure. Kwenye vitendo, vaa unachoweza kufanyia kazi. Dereva avae kiatu cha soli nyembamba ili ahisi pedeli, asivae ndala wala buti zito. Mpishi aje na nguo nadhifu za kawaida, aproni na viatu visivyoteleza viwe kwenye begi. Suti au gauni la heshima liweke kwa ajili ya mahojiano.

Serikalini kipimo kimeshaandikwa. Upo Waraka wa Utumishi Na. 3 wa mwaka 2007 kuhusu mavazi ya watumishi wa umma, na msimamo wake ni wa sitara: hautaki nguo za kubana, fupi wala zinazoonyesha maungo. Wanaokusaili wanabanwa na waraka huohuo, kwa hiyo usitegemee wakuonee huruma.

Benki, bima na ofisi za mawakili: suti na tai kwa mwanamume, kwa mwanamke suti ya sketi au suruali, au gauni lenye koti. Mashirika yanayofanya kazi vijijini: kadeti, shati la mikono mirefu, bila tai. Mtu anayekwenda kuhojiwa na meneja wa mradi wa maji akiwa na suti ya vipande vitatu huonekana kama hajasoma tangazo la kazi. Kampuni za programu za kompyuta: kadeti na shati la kola, hata kama wenyewe wanavaa fulana na raba.

Usipokuwa na uhakika, nenda ukasimame karibu na geti lao saa 11 jioni wafanyakazi wanapotoka, uone wamevaaje, kisha wewe vaa daraja moja juu yao. Usiende Ijumaa, maana ofisi nyingi siku hiyo hulegeza.

Gawa pesa, viatu vikipewa fungu kubwa

Ukiwa na 60,000, tenga karibu nusu kwa viatu, theluthi kwa shati na suruali (au sketi na blauzi), na kinachobaki kiende kwa fundi, soksi na dawa ya viatu. Shati la mtumba lililofuliwa na kunyooshwa vizuri halijulikani kama ni mtumba. Kiatu kilichopasuka pembeni kinajulikana ukiwa bado mlangoni.

Koti liwe la mwisho kununuliwa. Kama pesa haitoshi, acha koti. Shati jeupe na suruali inayokukaa sawasawa ni bora kuliko suti ya kuazima yenye mabega ya mwenyewe.

Kununua mtumba

Nenda asubuhi, siku wanayofungua belo. Muulize muuzaji siku zake, hatakuficha. Karume, Tandika, Manzese, kote mpango ni uleule: wa kwanza kuchambua ndiye anayepata saizi na kitambaa kizuri. Vaa fulana ya kubana na taiti au kaptura ndani, ujaribu papo hapo bila kutafuta pa kubadilishia.

Ukishaipenda nguo, itoe nje ya kibanda kwenye jua. Taa za ndani huficha mengi, hasa tofauti ya nyeusi na bluu ya giza. Koti jeusi na suruali ya bluu iliyokoza ukivivaa pamoja vitakuumbua ukifika kwenye mwanga. Kisha kagua sehemu hizi:

- Makalio na magoti ya suruali. Yakiwa yanang'aa, nyuzi zimeshalainika kwa kukaliwa, na mng'ao huo hautoki kwa kufua.
- Msamba. Inyanyue mbele ya jua. Nuru ikipenya kwenye mshono, itachanika utakapopanda daladala.
- Kola na kwapa za shati. Umanjano mwepesi unaweza kutoka, uliokakamaa hautoki.
- Bitana ya koti, hasa chini ya kwapa, na vifungo vyote. Kifungo kimoja kikikosekana itabidi ubadilishe vyote, maana kumpata mwenzake ni bahati.
- Lebo ya ndani. Kwa joto la Dar, Tanga au Mtwara, shati liwe na pamba nyingi kuliko poliesta. Poliesta tupu haipitishi hewa vizuri, na ikishika harufu ya jasho la mwenye nguo wa kwanza, huirudisha mwili ukipata joto hata kama umeifua mara tatu.

Fundi anaweza nini, na nini hawezi

Pesa nyingi hupotea hapa. Mtu ananunua koti kubwa kwa sababu ni la bei nafuu, akiamini fundi atalipunguza. Mbavu zinapunguzwa. Urefu wa mikono unapunguzwa. Mabega hayapunguziki kwa bei unayoweza kulipa, kwa sababu ndani kuna sponji na kitambaa cha kukazia, na kugusa bega ni kuung'oa mkono wote na kuupachika upya. Urefu wa koti nao usiguswe: ukilikata, mifuko inabaki chini kabisa na koti linaonekana kama la mtoto. Kwa hiyo pima bega kwanza. Mshono uishie pale mfupa wa bega lako unapoishia. Egemea ukuta ubavu kwa ubavu; sponji ikigusa ukuta kabla ya mkono wako, hilo koti ni la mtu mwingine.

Suruali: kiuno kinaingizwa sentimita 3 hadi 4 bila tabu. Ukizidisha hapo, mifuko ya nyuma inasogeleana mpaka inakaribia kushikana. Kuachia kunategemea kitambaa kilichobaki ndani. Geuza mshono wa nyuma uangalie. Shati lenye kola kubwa liache. Kola iliyofungwa iruhusu vidole viwili kupita: kikipita kimoja itakukaba, vikipita vitatu itajikunja utakapokaza tai.

Kabla ya kumpa fundi suruali akate urefu, ifue. Pamba na linin hurudi kwa maji ya kwanza, na aliyekata kabla ya kufua atakuta suruali imepanda juu ya kifundo. Nenda kwa fundi na viatu utakavyovaa siku ile. Mwambie aache sentimita 4 za kitambaa ndani na ashone pindo kwa mkono, uzi usionekane nje. Mbele, suruali iguse kiatu na kujikunja kidogo mara moja tu.

Koti jipya la dukani lina mambo mawili ya kutoa, na kila siku unakutana na watu hawajayatoa. La kwanza ni kile kilebo kilichoshonwa nje ya mkono wa kushoto. Si pambo, ni cha kumwonyesha mnunuzi aina ya kitambaa. La pili ni uzi mweupe wa herufi X unaofunga mpasuo wa nyuma. Ukiuacha, koti linakunjamana makalioni kila unapokaa. Tumia wembe au mkasi mdogo, ukikata nyuzi za lebo moja moja kutoka chini yake. Ukivuta kwa nguvu unatoboa.

Jaribio la kiti

Siku 3 kabla, vaa kila kitu, soksi na mkanda vikiwemo, uchukue kiti cha kulia. Fanya hivi kwa mpangilio:

1. Kaa dakika 30, mgongo umenyooka. Angalia soksi: ngozi ya mguu isionekane. Soksi fupi za raba hazifai hapa. Zitakiwazo ni za kufika katikati ya muundi, rangi ya suruali au ya kiatu.
2. Ukiwa umekaa, fungua vifungo vyote vya koti. Ukisimama, funga cha juu tu kwa koti la vifungo viwili. Cha chini hakifungwi kabisa, kwa sababu koti limekatwa likitegemea kibaki wazi.
3. Nyanyua mkono mmoja kama umeshika bomba la daladala, hesabu hadi 60. Shati likichomoka kiunoni, ama ni fupi ama limechomekewa vibaya.
4. Inama uokote faili sakafuni, kisha panda ngazi mbili. Hapa ndipo msamba na mpasuo wa sketi hujieleza.

Shati linalovimba kiunoni lina dawa yake. Lichomekee kwanza, kisha pande zote mbili vuta kitambaa kilichozidi kwenye mshono wa ubavuni, kibane kwa kidole gumba na cha shahada, kikunje bapa kuelekea mgongoni, ndipo ufunge mkanda juu ya mkunjo. Linakaa hivyo asubuhi nzima, mradi shati lenyewe liwe refu la kufika katikati ya makalio.

Kwa sketi, pima mara mbili. Sketi inayoishia magotini ukiwa umesimama hupanda juu ya magoti ukikaa, na inayobana hupanda zaidi. Nunua inayopita goti kwa sentimita 8 hivi. Mpasuo wa nyuma uishie chini ya goti. Usiku, mwambie mtu akumulike na tochi ya simu kutoka nyuma: akiona umbo la miguu, vaa shimizi au mpe fundi atie bitana. Blauzi inayoachama kati ya vifungo vya kifuani si ya kushikilia kwa mkono mahojiano yote. Fundi aweke kifungo cha kubana kwa ndani katikati ya viwili hivyo, kazi ya dakika kumi.

Kitenge kinakubalika sehemu nyingi, kikiwa kimeshonwa kwa mtindo wa kutulia, bila mabega ya kupanda wala marinda ya harusi. Kipya kifue peke yake mara mbili, maana rangi yake hutoka na jasho, na kola nyeupe ya koti ikishalamba rangi ya kitenge haina daktari. Anayevaa hijabu achague mtandio wa pamba au wa kitambaa cha jezi kinachovutika, wa rangi moja. Chifoni huteleza, na utakuwa unaurudisha kichwani kila swali. Ncha ziingie ndani ya koti.

Rangi, na suala la jasho

Bluu ya giza na kijivu kilichokoza ndizo salama kwa suti na sketi. Nyeusi inafaa, ila hushika vumbi na nyuzi. Ukienda Dodoma kiangazi utaliona vumbi lenyewe.

Shati ni habari nyingine. Samawati, ambayo kila mtu hushauriwa avae, ni kati ya zinazoonyesha jasho zaidi, pamoja na kijivu chepesi. Kitambaa cha rangi ya wastani kikilowa hubadilika kuwa cheusicheusi, lakini nyeupe na bluu iliyokoza hubaki karibu vilevile. Kama wewe ni wa kutoka jasho, vaa nyeupe na singlendi ya pamba ndani. Singlendi nyeupe chini ya shati jeupe huonekana mistari yake. Ya rangi ya kahawia inayokaribia ngozi yako haionekani. Dawa ya kuzuia jasho paka usiku, kwapa zikiwa kavu, maana ukipaka asubuhi ukiwa umeshaanza kutota, inaoshwa kabla haijafanya kazi. Marashi tone moja, au usipake. Chumba chenye kiyoyozi na madirisha yaliyofungwa hukuza harufu.

Anayekwenda Njombe, Mbeya au Arusha mwezi Juni na Julai ana shida ya kinyume. Avae fulana nzito ndani ya shati, asivae jaketi la michezo juu ya suti.

Kufua na kunyoosha

Fua siku 2 kabla, nyoosha usiku wa kuamkia. Usiache asubuhi: umeme ukikatika saa 11 alfajiri utaanza kutafuta pasi ya mkaa, na chembe moja ya mkaa kwenye shati jeupe inatosha kukurudisha kabatini.

Umanjano wa kwapa usiutie jiki. Jasho likichanganyika na klorini huzidi kuwa la njano, na shati lenye poliesta nalo hugeuka manjano. Changanya siki nyeupe kikombe kimoja na maji vikombe viwili, loweka kwapa dakika 30, sugua taratibu kwa brashi laini, suuza, ndipo ufue kwa sabuni. Kamwe usichanganye siki na jiki kwenye beseni moja. Hutoa gesi inayounguza kifua.

Shati nyoosha likiwa na unyevu kidogo, ukianza na kola kutoka kwenye ncha kwenda katikati, kisha mikono, halafu mbele na nyuma. Suruali ya kitambaa igeuze ndani nje kwanza unyooshe mifuko na mishono, kisha irudishe, uoanishe mshono wa ndani na wa nje wa kila mguu ili mstari ukae katikati. Weka kitambaa chepesi chenye unyevu juu yake kabla ya pasi kupita. Pasi ikigusa poliesta nyeusi moja kwa moja huacha mng'ao, na mng'ao huo ni plastiki iliyoyeyuka, haurudi.

Viatu

Viatu vya ngozi vya mtumba vina ugonjwa mmoja wa siri. Soli zilizotengenezwa kwa povu la poliyurethane huoza taratibu kwa unyevu wa hewa hata zikiwa hazijavaliwa, kisha siku moja humomonyoka kama keki ukiwa njiani. Bonyeza soli kwa kucha: ikibonyea na kubaki na alama, au ikitoa unga, iache hata iwe nzuri namna gani. Kunja kiatu mara tano uone kama inaachia pembeni. Ukishanunua, mpe fundi viatu ashone kuzunguka soli, gundi peke yake haitoshi.

Moka au viatu vya kamba, vyeusi au kahawia iliyokoza, mkanda wa rangi hiyohiyo. Kwa mwanamke, kisigino cha sentimita 3 hadi 5 chenye upana. Kiatu kipya kivae ndani ya nyumba kwa muda wa saa moja kila siku kwa siku tatu, ukiwa na soksi zilezile.

Kung'arisha: toa kamba, piga brashi vumbi litoke lote, futa kwa kitambaa chenye unyevu, acha kikauke. Paka dawa ya viatu kidogo sana, acha dakika 10, piga brashi, maliza kwa kitambaa cha pamba. Ukipaka nyingi haikauki, na vumbi la njiani hunata juu yake.

Siku yenyewe

Kipindi cha masika, au ukipanda bodaboda, nenda na raba au ndala na viatu vya usaili viwe kwenye mfuko. Bodaboda ina ekzosi ya moto upande wa kulia. Pindo la suruali ya poliesta likiigusa linayeyuka palepale. Nywele zisukwe siku tatu au nne kabla ili ngozi itulie. Kunyoa ndevu, siku moja kabla kwa mwenye vipele.

Koti usilivae njiani, wala usilikunje kama taulo. Ingiza mkono ndani ya bega la kushoto ulisukume mpaka ligeuke ndani nje, kisha chomeka bega la kulia ndani ya hilo. Bitana inabaki nje, kitambaa kimefichwa. Likunje mara moja kwa urefu, uliweke mapajani juu ya bahasha ya vyeti. Begi la mgongoni livalie bega moja au lishike mkononi, kwa sababu mikanda miwili huacha mikunjo na jasho mabegani. Tai ifunge nyumbani, ilegeze, uivue kichwani ikiwa na fundo lake.

Fika dakika 45 kabla. Mwili huendelea kutoa jasho hata baada ya kusimama kutembea, kwa hiyo kaa kivulini kwanza, jipanguse, badili viatu, ndipo uvae koti na kujiandikisha. Kwenye mfuko mdogo beba tishu, kitambaa cha kufutia viatu, sindano yenye uzi tayari, kifungo cha akiba na pini mbili. Simu na funguo visiwe kwenye mifuko ya suruali, huvimba ukikaa. Bangili zinazogongana vua. Zikigusa meza kila ukiandika, jopo linasikia hizo tu.

Kama usaili ni wa video, usivae mistari myembamba wala miraba midogo, maana kamera huifanya icheze. Shati jeupe mbele ya ukuta mweupe hukufanya kichwa kinachoelea. Dirisha liwe mbele yako, na vaa suruali, kwa sababu ipo siku chaja itachomoka na utalazimika kusimama.

Ukirudi nyumbani usilirudishe koti kabatini na jasho lake, wala usilifue kwa maji. Ligeuze bitana nje, litundike kivulini kwenye upepo usiku mzima, kisha lipige brashi. Hatua ya pili ya usaili inaweza kuitwa kabla ya wiki kwisha.